Maoni yenu kuhusu filamu ya Black Swan

Assalaam alaykum ndugu zangu. Sauti zenu zote nimezisikiliza, ahsanteni sana. Wengi mmebishana kama Nina, yule binti mcheza baleti, kafa mwisho au hakufa. Muongozaji wake, Darren Aronofsky, kaiacha wazi, na filamu nzima tunaiona kwa macho ya Nina mwenyewe, kwa hivyo sioni kama tutaafikiana.

Kilichonitisha mimi ni keki. Binti kapata nafasi kubwa ya kucheza bata maji mweupe na mweusi kwenye baleti, mama kamnunulia keki, Nina anasema tumbo halimruhusu kula sana. Papo hapo mama anainyanyua kwenda kuitupa! Binti anaomba radhi, na anaishia kulamba krimu kwenye kidole cha mama. Hamna damu pale, lakini mapenzi yale yanabana roho. Iangalieni tena.

Mwenzetu mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab, kasema jambo zuri: unaweza kupiga taarab bila kukosea hata noti moja na bado ikakosa utamu. Ndilo hasa analoambiwa Nina na mwalimu wake wa baleti.

Natalie Portman aliyecheza Nina, na tuzo yake ya Oscar ya 2011, hapo hamna aliyepinga.

Tafadhalini, msiiweke sebuleni mbele ya watoto. Ina mambo ya wakubwa.

Alhamisi baada ya Isha tunakutana pale pale Kikwajuni kuendelea na mjadala. Dada zangu wa Pemba ambao hamjasema kitu, tumeni sauti kabla ya hapo, nitawasikilizisha wote.