Barua ya wazi kwa wajukuu wa ughaibuni mnaokuja kutibu vijijini

Wajukuu zangu,

Nasikia ninyi mnaosoma udaktari na uuguzi Marekani na Uingereza mmechanga pamoja na wenzenu, na likizo ya Julai mnakuja huku vijijini Muheza, mkoani Tanga, na masanduku ya dawa. Karibuni sana. Mimi ni mkunga mstaafu, nimezeekea zahanati, kwa hiyo nisikilizeni kabla hamjakata tiketi.

Zahanati zetu zina vitabu vya MTUHA, yaani rejesta za serikali za kuandikia taarifa za huduma za afya. Namba 5 ndicho cha wagonjwa wa nje. Wageni wengi huandika kwenye karatasi zao au kwenye kishikwambi, wakiondoka wanaondoka navyo. Sasa chukueni mfano wa mama mmoja, kapimwa chini ya mwembe, presha 180 kwa 110. Anapewa vidonge vya mwezi mmoja. Vikiisha hasikii maumivu yoyote, anajihesabu amepona, kumbe presha hukaa kimya. Nesi wa zahanati hana habari kwamba mama huyo alipimwa. Nani atamfuatilia? Jina lake likiwa kitabuni, mhudumu wa afya wa kijiji anajua mlango wa kupiga hodi.

Kwa hiyo kaeni meza moja na nesi: ninyi mpime, yeye aandike. Anaandika kwa mkono, safu baada ya safu, na foleni inangoja. Msimharakishe. Dawa nazo muulizeni yeye kwanza, ili mgonjwa aanzishiwe ile atakayoipata tena kwenye kituo cha afya au duka la dawa muhimu. Shirika la Afya Duniani linataka dawa ya msaada ifike ikiwa imebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda wake. Msitubebee mabaki ya kabatini.

Ninyi mnaojua Kiswahili ndio mtakaokuwa wakalimani. Mama akieleza dakika tano, usimpelekee daktari maneno matatu. Katika hizo dakika tano ndimo atakapotaja dawa ya mizizi anayokunywa, na mume aliyemkataza kwenda hospitali.

Aliye mwaka wa pili, ambaye huko aliko haruhusiwi kushona kidonda, asishone cha mtoto wa Muheza. Kuvuka bahari hakuongezi cheti. Kuzalisha ndiyo kabisa, msiguse.

Na picha, jamani! Mtoto analia na kidonda chake, simu zimemzunguka kama harusini. Mwombeni mzazi ruhusa, na akikataa basi.

Kuhusu kisima mnachotaka kutuchimbia, nendeni kwanza RUWASA, wakala wa maji vijijini, na kwenye chombo cha watumia maji cha kijiji, muulize pampu iliyopo imeharibika nini. Huenda inataka kipuri tu, nanyi mnataka kuchimba kipya.

Barua ya maombi mwandikieni Mganga Mkuu wa Wilaya sasa hivi, mkiambatanisha vyeti vya madaktari watakaowasimamia na orodha ya dawa. Kibali cha kuziingiza nchini hakitolewi uwanja wa ndege.

Bibi yenu,
mkunga mstaafu, Muheza