Kabla ya Kuuliza Canon, Nikon au Sony, Geuza Lenzi Uitazame Nyuma

Lenzi nyingi zinazoletwa dukani kwetu kwa malalamiko hazina ubovu wowote. Kioo ni safi, mota inazunguka, pete ya zumu inateleza vizuri. Mteja ameinunua kwa mtu kupitia simu. Lenzi imeandikwa Canon, kamera yake nayo imeandikwa Canon, lakini akiviweka pamoja havifungani. Au vinafungana, ila lenzi haifokasi. Anafika kaunta akiamini ametapeliwa, kumbe mara nyingi hata aliyemuuzia hakujua.

Sisi tunauza na kukodisha kamera zilizotumika hapa Dar es Salaam, na ushauri huu huwa tunautoa kwa mdomo kila siku. Leo tumeuandikia ninyi mnaopiga picha kwa mapenzi tu: watoto nyumbani, kipaimara, sendofu ya dada, safari ya Mikumi, machweo ukiwa upande wa Kigamboni jua likizamia nyuma ya majengo ya mjini. Wengi wenu huanza na swali moja: "Kaka, nichukue Canon, Nikon au Sony?" Jibu letu huanzia nyuma ya lenzi, kwenye ile pete ya chuma inayokutana na kamera, ambayo sisi wauzaji tunaiita maunti. Hiyo ndiyo inayoamua lenzi zipi utatumia, utaazima kwa nani, na utamuuzia nani siku ukitaka kubadilisha. Jina lililoandikwa mbele ya kamera haliamui hayo, kwa sababu kampuni moja inaweza kuwa na maunti tatu au nne zisizoingiliana.

Tuanze na Canon maana ndiyo iliyojaa mjini. Maunti ya EF ilitoka mwaka 1987, enzi za filamu, na kamera zote za DSLR za Canon, yaani za kidijitali zenye kioo cha kuakisi ndani, zinaipokea. Mwaka 2003 ikaja EF-S, kwa kamera zenye sensa ndogo (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga wa picha) kama 700D na 80D. Kuzitofautisha hakuhitaji utaalamu: lenzi ya EF ina nukta nyekundu pembeni ya maunti, ya EF-S ina mraba mweupe. Kamera yenye alama zote mbili inapokea lenzi zote mbili. Kamera yenye nukta nyekundu peke yake, kama 6D au 5D, haipokei EF-S. Ukiona inagoma kufunga, usilazimishe. Nyuma ya lenzi ya EF-S huingia ndani zaidi, na ndani ya kamera hizo kuna kioo kikubwa kinachopanda na kushuka, ambacho kinaweza kuigonga.

Halafu kuna EF-M ya mwaka 2012, ambayo wengi mnaijua kupitia M50, kamera ndogo iliyopendwa sana na wanaoanza kurekodi video. Mwisho RF, ya mwaka 2018, ambayo ndiyo njia Canon inayoifuata sasa. Hapa ndipo watu wanapoumia. M50 bado inapiga picha nzuri, na bei yake imeshuka, lakini Canon waliifunga familia ya EF-M mwaka 2023. Lenzi zake haziwezi kuhamia kwenye RF, na sababu yake ni ya vipimo: lenzi ya EF-M imetengenezwa ikae milimita 18 kutoka kwenye sensa, wakati maunti ya RF yenyewe iko milimita 20. Lenzi ingetakiwa kuingia ndani ya kamera ndipo ifokasi mbali. Adapta, ile pete ya kuunganisha lenzi na kamera ya maunti tofauti, utaiweka wapi?

Lenzi ya EF, kinyume chake, inakaa milimita 44 kutoka kwenye sensa. Ukiipeleka kwenye kamera ya RF kunabaki milimita 24 wazi, na hizo ndizo zinazojazwa na adapta. Ndani ya adapta ya kawaida ya Canon hamna kioo cha lenzi. Kuna uwazi na vituo vya umeme tu, kwa hiyo ubora wa picha haupungui na fokasi inafanya kazi kama kawaida. Kanuni hiyo ishike vizuri, maana itakusaidia kwa kampuni yoyote: lenzi ya umbali mkubwa inaweza kuhamia kwenye kamera ya umbali mdogo, lakini kurudi nyuma haiwezi. Anayenunua lenzi ya EF leo kwa ajili ya 80D ataweza kwenda nayo kwenye kamera ya RF kama R10 au R6 siku akijaliwa. Anayenunua RF hawezi kuirudisha kwenye DSLR ya mjomba.

Nikon wana mtego wa aina nyingine. Maunti yao ya F ni ya tangu 1959, na umbo lake halikubadilika sana, kwa hiyo lenzi nyingi za zamani zitakaa kwenye kamera ya DSLR bila ubishi. Kinachokosekana ni mota. Mteja wetu mmoja, kijana wa chuo, alikuja na D3200 na lenzi ya 50mm f/1.8D aliyoipata kwa bei ya kumfurahisha. Kila kitu kilikuwa kizima, lakini akibonyeza kitufe, kimya. Tuligeuza lenzi tukamwonyesha kitundu kidogo chenye mfereji, mfano wa kichwa cha skrubu, pembeni ya maunti. Lenzi za aina hiyo hazina mota ndani. Zinasubiri kamera izizungushe kwa kipini kidogo cha chuma kinachochungulia kwenye maunti ya kamera. D7000 inacho. Familia ya D3000 na ya D5000 hazina. Kwa D3200 unatakiwa utafute lenzi iliyoandikwa AF-S, ambayo inakuja na mota yake. Yeye aliamua kubaki nayo na kufokasi kwa mkono, na kwa picha za mtu aliyetulia inamtosha, ila kumkimbiza mtoto asiyetulia nayo ni kazi.

Nikon nao walihamia maunti mpya, Z, mwaka 2018. Adapta yao inaitwa FTZ, na lenzi za AF-S zinafanya kazi vizuri juu yake. Lakini FTZ haina kile kipini. Lenzi za zamani zisizo na mota zitabaki za mkono hapo pia.

Kwa Sony, angalia namba mara mbili. A7 na A77 zinafanana kwa kuandikwa tu. A77 ni ya maunti A, iliyorithiwa kutoka Minolta, na hiyo imeshafikia mwisho wake. A7 na A6000 ni za maunti E, iliyoanza mwaka 2010 na inaendelea hadi leo. Uzuri wa E ni kwamba sensa ndogo na kubwa zinatumia maunti ileile, na kampuni nyingine kama Sigma, Tamron na Viltrox zinaitengenezea lenzi kwa wingi, nyingine za bei ya chini kabisa. Kwa Canon RF mlango huo ulikuwa umefungwa kwa lenzi za kufokasi zenyewe, hadi mwaka 2024 Sigma na Tamron waliporuhusiwa, nako wakaanzia na lenzi za sensa ndogo. Kama unachotaka hasa ni video na huna lenzi yoyote mkononi, tunakuambia wazi: tazama Sony E kwanza.

Onyo moja kuhusu Sony zilizotumika. Mizigo mingi ya kamera inatoka Japani, na nyingi kati ya Sony zilizouzwa kwa soko la ndani la Japani zina menyu ya Kijapani peke yake. Kwenye hizo hakuna mahali pa kubadilisha lugha. Kabla hujatoa hela, mwambie muuzaji afungue menyu ukiwa unaangalia. Canon za Japani nyingi zina Kiingereza, shida yake ni majina tu: Kiss X7i ni 700D ileile, na Kiss X10 ni 250D. Usilipe zaidi wala usiikimbie kwa sababu ya jina hilo.

Fujifilm wanatengeneza kamera zinazopendeza sana kushika na rangi zake tunazipenda wenyewe. Micro Four Thirds, mfumo wa Olympus na Panasonic ulioanza mwaka 2008, una lenzi ndogo na nyepesi zinazofaa msafiri. Hatukuzuii. Lakini hapa mjini ukitafuta lenzi ya kuazima Ijumaa jioni kwa ajili ya harusi ya Jumamosi, hizo mbili zitakuhangaisha.

Na hilo ndilo linaloongoza ushauri wetu wote. Mtanzania akinunua gari huuliza spea zinapatikana wapi kabla ya kuuliza spidi. Kamera nayo iulizie hivyo. Nani katika familia au marafiki ana lenzi? Ana maunti gani? Kama kaka yako ana Canon ya EF yenye lenzi tatu kabatini, umeshapata mfumo wako, hata kama mtandaoni wanasifia kingine. Canon na Nikon hazijatoa DSLR mpya tangu 2020, na wapo wanaosikia hivyo wakaogopa. Sisi tunaona ni nafuu kwa mpenzi wa picha: bodi (kamera yenyewe bila lenzi) zimeshuka bei, lenzi zimejaa, na njia ya kuhamia kwenye kamera mpya kwa adapta ipo.

Bajeti yako usiimalizie kwenye bodi. Tunaona hili kila msimu wa harusi. Mtu ananunua bodi kubwa kadiri hela yake inavyoruhusu, anabaki na lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo, halafu anaingia ukumbini ambako taa ni za bluu na zambarau na bibi harusi anacheza. Lenzi hiyo ikivutwa hadi 55 tundu lake la kuingizia mwanga linaishia f/5.6 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa zaidi). Lenzi ndogo ya 50mm f/1.8, ambayo ni kati ya lenzi za bei nafuu kuliko zote kwa Canon na Nikon, inaingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Pale kamera ilipokuwa inahitaji 1/15 ya sekunde, na sura zote zikatoka na ukungu wa mtikisiko, sasa inaweza kupiga kwa 1/125. Bodi ya miaka kumi iliyopita yenye lenzi hiyo itakupa picha ambayo bodi ya mwaka huu yenye 18-55 haitakupa kwenye ukumbi uleule.

Ila ujue 50mm kwenye sensa ndogo ya Canon inaona eneo dogo, sawa na 80mm kwenye sensa kubwa. Sebuleni utarudi nyuma hadi mgongo uguse ukuta na shangazi wawili bado watakuwa nje ya picha. Kwa ndani ya nyumba tunapendekeza 24mm f/2.8 ya EF-S kwa wenye Canon, au 35mm f/1.8 ya DX, yaani ya sensa ndogo, kwa wenye Nikon. Ya 24mm ni nyembamba mno, inaacha kamera iingie kwenye mkoba wa kawaida.

Kuhusu lenzi iliyotumika, hewa ya pwani yetu ni adui. Kuvu huota ndani ya lenzi iliyofungiwa gizani kwenye unyevu, iwe Dar, Tanga au Unguja. Chukua tochi ya simu, fungua tundu la lenzi hadi mwisho, mulika kutoka nyuma ukitazama kwa mbele kwa pembeni kidogo. Vumbi chache zisikutishe, hazionekani kwenye picha. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba nyeupe zinazotambaa kuanzia ukingoni. Zikiwa changa fundi anaweza kufungua na kusafisha. Zikikaa muda mrefu zinakula rangi ya kinga iliyopakwa juu ya kioo, na hiyo hairudi. Ukishanunua, usiihifadhi ndani ya mkoba wa ngozi. Chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, na pakiti za silika za kunyonya unyevu ndani unazozibadilisha zikichoka, kinatosha kabisa.

Kwa bodi tunaangalia pia shata (pazia linalofunguka na kufungwa kila unapopiga picha) imefanya kazi kiasi gani. Ile ya 5D Mark II, kwa mfano, Canon waliikadiria mizunguko 150,000. Kamera zinazoruhusu kusomwa tunazichomeka kwenye kompyuta mbele yako na kukuandikia namba kwenye risiti.

Lenzi yoyote iliyo dukani unaweza kuifunga kwenye kamera yako na kutoka nayo nje mlangoni upige picha kabla ya kulipa. Na lenzi tunazikodisha kwa siku, kwa hiyo kama huna uhakika kati ya 24mm na 50mm, kodi moja wikendi hii na nyingine ijayo. Ukija, njoo na kamera yako, betri ikiwa na chaji na kadi ikiwa na nafasi. Kama kamera bado huna, njoo na simu yenye picha ulizopiga miezi ya karibuni. Tutaziangalia pamoja tujue unapenda kupiga nini, na kama simu hiyo inakutosha kwa sasa tutakuambia hivyo.