Bunduki Nyepesi ya Kutembea Nayo na Kuitia Mbweha: Maelezo kwa Wateja Wetu

Wateja wenye mashamba kando ya barabara ya Kasenga, pande za Kipushi na hata kuelekea Likasi, wamekuwa wakituuliza hapa dukani Lubumbashi bunduki gani ni nyepesi kuliko zote, ili waweze kutembea nayo asubuhi nzima msituni na kuitia mbweha, yaani kuwavuta kwa filimbi waje karibu, kwa kuwa wanawamalizia kuku na wana-mbuzi. Swali ni la haki, lakini tunapenda kuligeuza kidogo kabla ya kulijibu. Anayeita mnyama hupiga risasi moja, mara chache mbili, tena akiwa ameketi chini na pumzi bado haijatulia, huku mtutu ukiwa wa baridi kwa sababu haujapigwa tangu alipotoka nyumbani. Kwa hiyo bunduki inayomfaa ni ile ambayo risasi yake ya kwanza huenda mahali palepale kila siku, kisha ndipo tutazame ni gramu ngapi tunaweza kupunguza bila kuiharibu sifa hiyo.

Kabla ya bunduki yenyewe, yapo mambo mawili ambayo tungekuwa tumewakosea wateja kama tungeyaruka. La kwanza ni karatasi. Silaha na risasi nchini mwetu Kongo (DRC) zinaongozwa na Sheria-Amri namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, na uwindaji unaongozwa na Sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982. Kibali cha kumiliki bunduki hakitoshi peke yake kukupa ruhusa ya kuwinda, na ndani ya hifadhi kama Upemba na Kundelungu hakuna mazungumzo kabisa. Chui, simba na wanyama wengine wanaolindwa hawahusiki na makala haya, na hata kwa mbweha tunamshauri mwenye shamba apitie kwanza ofisi ya mazingira ya jimbo aeleze hasara aliyopata. La pili ni kumjua mkosaji. Mbweha wa kwetu ni mbweha miraba, mnyama anayekula panya, wadudu, matunda ya porini na mizoga, na ambaye kuku wasiofungiwa humvutia zaidi kuliko mbuzi mkubwa. Mbuzi akikutwa ameraruliwa sehemu nyingi za mwili bila kuliwa, mara nyingi ni mbwa wa kuzurura ndio waliopita hapo usiku. Banda linalofungwa vizuri jioni ni nafuu kuliko bunduki yoyote tunayoweza kukushauri, na tunasema hivyo ingawa biashara yetu ni hii.

Tuje sasa kwenye kazi yenyewe. Ufundi wa kuita wanyama walao nyama umeendelezwa sana Marekani, ambako mnyama anayevutwa kwa filimbi ni koyote, na Afrika Kusini, ambako ni mbweha mgongo-mweusi. Mwindaji hutembea dakika kadhaa, huketi mahali penye kivuli na upepo ukimpiga usoni, kisha hupuliza filimbi inayoiga kilio cha sungura aliyenaswa. Akiona kimya kwa dakika 15 au 20, huinuka na kwenda kuketi mahali pengine mbali kidogo. Mnyama anayekuja haji moja kwa moja. Hupenda kuzunguka apate kunusa kutoka upande ambao upepo unaelekea, na hapo ndipo hujitokeza ghafla, pengine mita 60, pengine mita 150. Anayetumia mkono wa kulia hugeuza bunduki kwa urahisi zaidi kuelekea kushoto kuliko kulia, kwa hiyo ni vizuri aketi akiuelekeza upande wake wa kushoto kule anakotarajia mnyama atokee. Katika misitu yetu ya miombo, ambako uwazi mrefu hupatikana mbugani na kwenye mashamba yaliyovunwa tu, risasi ya mita 200 tayari ni ndefu. Yote haya yanatuambia aina ya bunduki tunayoitafuta: inayobebeka, inayoelekezwa haraka bila kelele, na isiyohitaji meza wala mifuko ya mchanga ili ipige sawasawa.

Uzito unapaswa kuhesabiwa ukiwa mzima. Karatasi ya kiwanda hutaja uzito wa bunduki tupu, lakini mtu hatembei na bunduki tupu. Chukua bunduki ya kilo 2.9, ambayo ndiyo karibu na uzito wa Tikka T3x Lite ya Finland. Ongeza darubini ya gramu 400, pete za kuishikia gramu 120, mkanda gramu 150 na risasi tano zenye gramu 60 hivi, utaona umefika kilo 3.6 na zaidi. Huo ni uzito mzuri kwa kazi hii. Zipo bunduki za milimani, kama Kimber Mountain Ascent ya Marekani, zinazoshuka hadi kilo 2.2 hivi, na bei yake hupanda kadiri uzito unavyoshuka. Tunachokiona ni kwamba mteja huvutiwa na bunduki kama hiyo, kisha huiwekea darubini kubwa ya kilo nzima kwa sababu rafiki yake anayo. Uzito aliolipia pesa ili upungue chini ameurudisha juu, na sasa bunduki inalalia upande kila anapoiinua.

Tena wepesi una mpaka wake. Bunduki nyepesi mno huyumba na mapigo ya moyo wa mpigaji, na kifyatulio kinapovutwa kwa nguvu kidogo tu, mtutu huhama. Kwa mtu anayepiga akiwa ameketi baada ya kutembea, sisi tunapendelea bunduki kamili, pamoja na darubini yake, isiyoshuka chini ya kilo 3, na tungependa uzito huo uelekee mbele kidogo, kwenye mkono unaoshika chini ya mtutu, kuliko kwenye kitako. Kifyatulio nacho kiwe safi, kinachoachia kwa uzito wa kilo 1 hadi 1.5 bila kukwaruza. Kifyatulio kizito cha kilo 3 kwenye bunduki ya kilo 3 kitakupotezea wanyama wengi kuliko kasoro yoyote ya mtutu.

Kuhusu usahihi, watu hupenda kutuonyesha karatasi yenye matundu matatu yaliyogusana katika mita 100. Ni jambo la kufurahisha, lakini halijibu swali letu. Eneo la moyo na mapafu la mbweha lina upana wa sentimita 10 hivi. Bunduki inayokusanya risasi zake ndani ya sentimita 3 katika mita 100 itazikusanya ndani ya sentimita 6 katika mita 200, na hilo linatosha kabisa. Kulipa zaidi ili upate sentimita 1.5 ni anasa ambayo pumzi yako na magoti yako hayataweza kuitumia. Jaribio tunalowashauri wateja ni hili: tundika karatasi moja ya shabaha mahali salama panaporuhusiwa, upige risasi moja tu kwa mtutu wa baridi, ukiwa umeketi kama utakavyoketi porini, kisha uiondoe karatasi na kuihifadhi. Siku nyingine irudishe karatasi ileile na upige tena risasi moja, na uendelee hivyo hadi matundu yawe matano. Karatasi hiyo ndiyo itakayokueleza ukweli wa bunduki yako na wa mwenye bunduki. Mtutu uliopakwa mafuta ufutwe kwanza kwa kitambaa kikavu, kwa maana mafuta yaliyobaki ndani hupeleka risasi ya kwanza mahali pengine.

Mtutu mwembamba haupaswi kumwogopesha mtu. Ni kweli hupata moto haraka, na baada ya risasi tatu au nne mfululizo huanza kutawanya risasi, lakini mwita-mbweha hafiki huko. Urefu wa sentimita 50 hadi 56 unatosha. Kasi zinazoandikwa kwenye maboksi ya risasi mara nyingi hupimwa kwa mtutu wa sentimita 61, na mtutu mfupi wa sentimita 51 utapoteza takriban mita 30 kwa sekunde, kiasi ambacho mbweha hatakitambua. Kinachostahili kuangaliwa kwa makini ni mahali mtutu unapokutana na mti wa bunduki, yaani mwili wake wa mbao unaoushikilia mtutu. Mti wa kawaida hunywa unyevu katika mvua zetu za Novemba hadi Machi, huvimba, huusukuma mtutu upande mmoja, na bunduki iliyopiga vizuri mwezi wa Agosti hupiga sentimita 8 pembeni mwezi wa Januari. Chukua noti ya franga 500, ikunje mara moja, iingize kati ya mtutu na mti kuanzia ncha ya mbele, kisha ivute taratibu kuelekea nyuma. Ikipita bila kukwama hadi karibu na chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi, mtutu uko huru. Ikikwama, lete bunduki tuichonge. Kitako cha plastiki ngumu hakina shida hiyo, ingawa wazee wengi hawapendi sauti yake kinapogusa tawi, na hapo tunakubaliana nao.

Kaliba, yaani aina na ukubwa wa risasi, ndiyo inayozua mabishano dukani. Risasi ya .22 Hornet, iliyoanza miaka ya 1930, ina sauti ya upole na inatosha hadi mita 150, kwa hiyo kwa anayewinda kwenye msitu mzito tu si chaguo la kudharauliwa. Ile ya .222 Remington, iliyotoka mwaka 1950, inajulikana kwa usahihi wake, na .223 Remington iliyoifuata hurusha kichwa cha gramu 3.6 kwa kasi ya takriban mita 987 kwa sekunde. Ukiirekebisha darubini ili risasi ya .223 ipige katikati katika mita 200, itapanda takriban sentimita 4 tu katika mita 100, hivyo unalenga katikati ya kifua bila hesabu yoyote. Upepo ndio wa kuhesabiwa: upepo wa pembeni wa kilomita 16 kwa saa huisukuma karibu sentimita 10 katika mita 200, yaani nje kabisa ya eneo tulilotaja. Faida yake kubwa kwa bunduki nyepesi ni kwamba haipigi bega kwa nguvu, na mpigaji huendelea kuona ndani ya darubini mahali risasi ilipofika. Kuna .22-250 Remington yenye kasi zaidi, na .243 Winchester ya mwaka 1955 yenye nguvu zaidi, lakini katika bunduki ya kilo 3 hiyo ya pili hupiga bega kwa nguvu na kumfundisha mtu kufumba macho. Kwa ushauri wetu, .222 au .223 ndizo zinazofaa wengi. Tahadhari moja: .223 inafanana kwa umbo na risasi ya kijeshi ya 5.56, kwa hiyo uliza ofisi inayotoa kibali kabla ya kulipa chochote, si baada ya kulipa.

Darubini ya kukuza mara 3 hadi 9 inatosha, na ibaki kwenye 3 au 4 unapokuwa umeketi ukisubiri. Mnyama akitokea mita 40 huku darubini ikiwa kwenye 9, utaona manyoya tu na hutajua ni ya sehemu gani ya mwili. Umbali wa jicho kutoka kwenye darubini nao upimwe ukiwa umevaa nguo utakazovaa. Mwezi wa Juni na Julai, alfajiri ya Lubumbashi hushuka chini ya nyuzi 10, watu huvaa makoti mazito, na kitako kilichowatosha wakiwa na shati jembamba dukani huwa kirefu ghafla.

Kitu cha mwisho cha kununua, na cha bei ndogo kuliko vyote, ni fimbo mbili za kuegemezea zilizofungwa pamoja karibu na juu. Ziweke mbele yako kabla ya kupuliza filimbi, bunduki ikiwa tayari imelala juu yake. Tembea na chemba tupu, uijaze ukishaketi. Vikuku vya chuma vinavyoshika mkanda vizungushie utepe ili visilie. Na usipige kamwe bila udongo nyuma ya mnyama, kwa sababu risasi hizi ndogo husafiri zaidi ya kilomita 2, na katika misitu inayozunguka mji wetu daima kuna wachoma makaa, na wakati wa mvua kuna akina mama wanaookota uyoga.

Dukani kwetu tunafunga darubini, tunarekebisha vifyatulio, tunachonga miti iliyovimba na kumpima mteja urefu wa kitako. Bunduki hupokelewa ikiwa imeletwa na mwenye kibali mwenyewe, akiwa na kibali halisi mkononi, si nakala, na ikiwa haina risasi ndani. Ukija kwa ajili ya darubini, leta pia boksi la risasi unazotumia ili tuandike namba ya toleo lake kwenye kadi yako, kwa maana risasi za kaliba moja kutoka toleo jingine zinaweza kuhama sentimita kadhaa, na itabidi darubini irekebishwe upya.