Fremu na makava ya namba za gari: tuandikiwe milimita

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongelee fremu na makava ya namba za gari. Madukani hupangwa rafu moja na wateja huyataja kama kitu kimoja, ilhali ni vitu viwili. Fremu ni ukingo wa plastiki au chuma unaozunguka kibao cha namba. Kava ni kipande cha plastiki kinachofunika kibao kizima, ama jeupe la kuonyesha, ama lenye tinti. Rai yangu ni hii: kava lipigwe marufuku lote, hata lile jeupe, na fremu iruhusiwe kwa vipimo vilivyoandikwa kwa milimita, ili trafiki na dereva wakikutana barabarani wabishane na rula na si wao kwa wao.

Wapo watakaosema fremu nayo ni pambo tu, itolewe. Wangeinama kidogo mbele ya bampa. Magari yetu mengi hapa Tanzania yametoka Japani, na kibao cha kawaida cha kule kina upana wa milimita 330 na kimo cha milimita 165, na matundu yake mawili ya skrubu yameachana milimita 210. Sehemu ya kufungia imetengenezwa kwa kipimo hicho. Gari likifutiwa usajili kule ili lisafirishwe, vibao hurudishwa serikalini, kwa hiyo linashuka bandarini na matundu matupu. Sisi tunakuja na kibao chetu kirefu, tunakikaza hapo katikati, na ncha za kulia na kushoto zinabaki zinaning'inia. Zikipigwa maji ya presha kila wiki na kuguswa ukuta mara mbili wakati wa kupaki, zinakunjika. Fremu yenye mgongo mgumu ndiyo inayozishika. Ukimwamuru dereva aitoe kwa sababu tu ni fremu, unamrudisha kwenye kibao kilichojikunja, na hicho nacho hakisomeki.

Kava halina utetezi wa namna hiyo. Uso wa kibao una utando wa kuakisi uliotengenezwa kurudisha mwanga kule ulikotoka, ndiyo maana taa za gari la nyuma zikikipiga usiku kinawaka. Ukiweka plastiki juu yake, mwanga unapita kwenye plastiki mara mbili: ukienda na ukirudi. Plastiki ya akriliki ikiwa mpya, safi, isiyo na mkwaruzo, hupitisha takriban asilimia 92 ya mwanga. Ukipita mara mbili inabaki kama 85. Si mbaya. Lakini kava la tinti linalopitisha nusu ya mwanga linarudisha robo tu, na hapo kibao kinachotakiwa kuonekana kutoka mbali kinakuwa kivuli cheusi nyuma ya gari.

Na lile jeupe halibaki jeupe. Jua linaligeuza njano, kitambaa chenye mchanga kinalikwaruza. Kubwa zaidi ni kwamba haliwezi kuziba kabisa kandokando. Vumbi linaingia, mvua inalifuata, linakuwa tope jembamba lililolala kati ya plastiki na kibao. Mwosha magari anasugua juu, uchafu uko ndani, na mwenye gari analipa akiamini namba ni safi. Isitoshe, plastiki bapa humeta kama kioo cha dirisha. Jua la saa kumi likilipiga kava kwa pembe yake, picha ya tochi (kamera ya trafiki ya kupima mwendo) inatoka na doa jeupe mahali palipotakiwa kuwa na tarakimu mbili.

Japani wamelimaliza jambo hili kwa namna ninayoiona nzuri kuliko zote nilizozisoma. Tangu 1 Aprili 2016 kava la namba haliruhusiwi, liwe na rangi au lisiwe na rangi. Kisha, kwa magari yanayosajiliwa mara ya kwanza kuanzia 1 Oktoba 2021, wakaandika vipimo vya fremu: upana usizidi milimita 10 juu, milimita 18.5 pembeni na milimita 13.5 chini, unene kuelekea nje usizidi milimita 6 kwa juu na milimita 30 kwingineko. (Juu wanaruhusu unene hadi milimita 10 kama upana hapo hauzidi 7.) Hata vifuniko vya skrubu vina kipimo: kipenyo kisizidi milimita 28, unene usizidi 9, wala visifunike namba. Faini inaweza kufika yeni 500,000. Dereva wa Osaka akitaka kujua kama yuko sawa, anachukua rula yake anapima, hahitaji kusubiri askari aamue.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini ukingo wa juu umebanwa hadi milimita 6 wakati wa chini umeachiwa 30. Naona sababu ni kamera. Kamera ya barabarani hutazama kutoka juu. Tuseme inatazama kwa pembe ya digrii 30 na kibao kimesimama wima: ukingo wa juu uliotokeza milimita 6 unaficha kama milimita 3.5 za kibao, na uliotokeza milimita 20 unaficha zaidi ya 11. Hizo 11 zinaweza kukata vichwa vya herufi, na herufi isiyo na kichwa ni rahisi kuisoma vibaya. Ukingo wa chini hata ukitokeza, kamera ya juu haiujali.

Kuna hasara nyingine ya ukingo mnene wa juu ambayo mafundi wengi hawaitazami kwa sababu kazi wanaimaliza mchana. Taa ya namba ya nyuma imewekwa juu ya kibao, karibu nacho sana. Ukingo uliotokeza unaikinga, na kivuli chake kinaangukia nusu ya juu ya herufi. Balbu inawaka, dereva anaapa taa yake ni nzima, na namba haisomeki. Washa taa za gari gizani, simama nyuma yake, utakiona kivuli hicho.

Sasa tazama sheria isiyo na vipimo inavyoleta mkanganyiko. Florida, Marekani, sheria mpya ilianza kutumika 1 Oktoba 2025. Kabla yake, kuzuia kibao kusomeka lilikuwa kosa la barabarani la kulipa faini. Sasa ukifanya hivyo kwa kujua ni jinai ya daraja la pili: hadi siku 60 jela na faini hadi dola 500. Kumiliki kifaa cha kuficha namba kuna adhabu hiyo hiyo; kukitengeneza au kukiuza ni hadi mwaka mmoja na dola 1,000. Sina ugomvi na ukali. Ugomvi wangu ni maneno: sheria inakataza kitu chochote kinachoingilia usomekaji wa sehemu yoyote ya kibao. Kibao cha Florida kina anwani ya tovuti ya jimbo juu na jina la wilaya au kaulimbiu chini, na fremu ambazo wauzaji wa magari huwafungia wateja hufunika hasa sehemu hizo. Je, anwani ya tovuti ni "sehemu"? Ilibidi idara ya magari ya jimbo itoe ufafanuzi mwishoni mwa 2025 kwamba fremu inaruhusiwa mradi namba yenyewe na stika ya usajili iliyo kona ya juu kulia zionekane. Sentensi hiyo ingekuwamo ndani ya sheria tangu siku ya kwanza. Kwa ndugu zetu wanaoishi huko na wana maombi ya uraia mkononi, tofauti ya faini na jinai si ya fedha tu: fomu ya uraia inauliza kama umewahi kukamatwa.

Majimbo mengine yana njia zao. New York haitaki kioo wala plastiki ya aina yoyote juu ya kibao. Texas inahesabu kuwa ni kosa ukifunika nusu au zaidi ya jina la jimbo, na hicho angalau ni kipimo.

Turudi nyumbani. Notifikesheni (karatasi ya faini ya trafiki) ya shilingi 30,000 ni ndogo ukilinganisha na muda unaopotea kubishana kama fremu fulani "inaficha" au "haifichi". Naomba mamlaka zinazohusika, yaani TRA wanaosajili na polisi wanaokamata, watoe ukurasa mmoja wenye mchoro. Vipimo vya Japani visinakiliwe kama vilivyo, maana kibao chetu kirefu kina kimo kifupi kuliko chao. Ningependekeza ukingo usifunike zaidi ya milimita 5 pande zote na usitokeze zaidi ya 6 kwa juu. Kwa kibao cha mraba cha nyuma wanaweza kulegeza kidogo.

Ukurasa huo uguse na ufungaji, kwa sababu namba nyingi zisizosomeka hazikuharibiwa na fremu wala kava bali na fundi. Matundu yatobolewe kwenye nafasi tupu, kamwe si juu ya herufi wala kwenye mwanya wake: kichwa cheusi cha skrubu kikikaa kwenye mdomo wa C, kwa mbali inasomeka O. Kichwa kiwe cha rangi ya kibao, njano kwa gari binafsi, nyeupe kwa la biashara. Matundu ya Kijapani huchukua skrubu ya M6; fundi akilazimisha ya bati anaua nati iliyo ndani ya bampa, na baada ya hapo ni waya. Ribiti ziwe za alumini. Za chuma hupata kutu, na mchirizi wa kutu ukishuka kati ya tarakimu unafanana na 1.

Kwa anayetaka kuvua kava lake leo: atumie maji ya uvuguvugu, sabuni na sponji laini kutoa lile tope. Asitumie thina wala petroli, maana vinakula rangi ya herufi na utando wa kuakisi, na kibao kilichopoteza utando hakirudi kwa kupakwa rangi. Hicho ni cha kuombea kingine.

Fundi bodi,
Gerezani, Dar es Salaam