Barua kwa swahiba wa Tabora: usiuze kompyuta bado

Ujiji, Kigoma
Jumapili usiku

Swahiba wangu,

Salaam nyingi zikufikie hapo Tabora, wewe na wote nyumbani. Mpe mama shikamoo yangu, na umwambie dagaa aliowaagiza ndio hawa kwenye mfuko. Ni wa Kibirizi, wamekauka vizuri na hawana mchanga. Mawese yamo kwenye dumu dogo. Anayekuletea mzigo anapanda treni kesho, kwa hiyo naandika usiku huu huu.

Uliniambia kwenye simu kwamba unataka kuuza ile kompyuta yako ya gemu ununue mbili ndogo, ili wewe na mdogo wako muache kugombea zamu. Nakuomba usiuze bado. Hiyo moja inaweza kuwatosha wote wawili, kwa wakati mmoja, kila mtu na skrini yake. Kwangu imewezekana, na nimejifunza kwa kupoteza pesa, kwa hiyo nataka wewe usizipoteze.

Unakumbuka kile kibanda cha gemu pale Mwanga? Pedi mbili, foleni ndefu, na sheria moja: anayefungwa anapisha. Sheria ile niliileta nyumbani bila hata kufikiri. Mdogo wangu akija likizo tulicheza kwenye kompyuta moja, na kwa kuwa nimemtangulia miaka sita, aliyepisha ni yeye siku zote. Mwisho akaacha kuomba zamu. Akawa anakaa nyuma yangu kwenye mkeka, anatazama tu. Hilo liliniuma sana, ndugu yangu.

Sasa sikiliza inavyofanyika. Kompyuta yangu ina prosesa ya viini 8 na ramu ya GB 32, na gemu zetu hazifiki hata nusu ya nguvu hiyo. Chini kabisa nimeweka Linux, mfumo endeshi wa bure, ndiyo mwenyeji wa nyumba. Ndani yake kuna KVM, ambayo imo kwenye Linux tangu mwaka 2007, na hiyo ndiyo inayofungua mashine pepe, yaani kompyuta za kuigiza ndani ya kompyuta moja. Nimefungua mbili, wageni wawili, kila mgeni akiamini ana kompyuta yake peke yake. Mwenyeji amebaki na viini 2 na GB 8. Mimi nina viini 3 na GB 12, mdogo wangu vivyo hivyo. Mfunge kila mgeni kwenye viini vyake maalumu. Ukiviacha vitangetange, vita vikipamba moto upande wa mmoja wenu, picha ya mwenzake inaanza kukwamakwama.

Ramu na viini unavipima na kugawa kama unga. Kadi ya grafiki, ile inayochora picha za skrini, haigawiki hivyo. Kwa hizi kadi za kawaida tunazonunua sisi, mgeni anakabidhiwa kadi nzima, kwa hiyo zinahitajika mbili. Kazi ya kukabidhi inafanywa na VFIO, iliyoingia kwenye Linux mwaka 2012: inamwondolea mwenyeji kadi na kumpa mgeni aishike moja kwa moja, ndiyo maana gemu linakimbia karibu sawa na kwenye kompyuta ya kawaida. Mwenyeji wangu anatumia grafiki iliyomo ndani ya prosesa. Hata sauti inapita humo humo kwenye waya wa HDMI hadi kwenye skrini, nasi tunachomeka hedifoni zetu kila mtu kwenye skrini yake.

Hapa ndipo nilipopotezea pesa, soma taratibu. Mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, hupanga vifaa vyake katika makundi, yanaitwa makundi ya IOMMU. Kifaa hakiendi kwa mgeni peke yake, wenzake wa kundi lazima waondoke kwa mwenyeji pia. Mazabodi yangu ya kwanza iliweka nafasi ya kadi ya pili kundi moja na mtandao, bandari za USB na diski. Ningempa mdogo wangu kadi, ningemnyima mwenyeji hata diski anayosimamia! Kuna kiraka cha Linux kinachoyatenganisha makundi hayo kwa nguvu, lakini ukuta kati ya wageni unabaki wa jina tu, na kazi za chuo za mdogo wangu zimo humo. Sikukitumia. Niliuza mazabodi ile kwa hasara na kutafuta nyingine ambayo nafasi ya pili imesimama kwenye kundi lake peke yake.

Kwa hiyo ndani ya bahasha hii kuna flashi. Nimeweka Linux inayowaka bila kusakinishwa. Ingia kwanza BIOS, yaani menyu ya mipangilio kabla mfumo haujawaka, uwashe IOMMU (kwenye Intel wanaiita VT-d), kisha washa kwa flashi na ufungue folda ya /sys/kernel/iommu_groups. Makundi yote utayaona hapo. Ikiwa mazabodi yako haifai, nenda na flashi hiyo hiyo dukani, umwombe fundi kwa adabu akuruhusu kuiwasha kwenye mashine yake kabla hujatoa hata shilingi.

Kadi zangu ni GTX 1650 ya wati 75, ninayotumia mimi, na RX 6600 ya wati 132 nimempa yeye, kwa sababu michoro ya chuo inataka nguvu. Hesabu pawa saplai yako mapema. Ukisoma maelezo ya zamani utakuta kadi za GeForce zikikataa kufanya kazi ndani ya mashine pepe na kutoa kosa namba 43. Usiogope, Nvidia yenyewe inayozitengeneza iliruhusu jambo hilo kwenye draiva zake (programu zinazoendesha kadi) mwaka 2021. La kuogopa zaidi ni kadi fulani za zamani ambazo mgeni akizimwa hazijirudishi, mpaka uwashe upya kompyuta nzima. Niliwahi kuwa na moja. Nilizima upande wangu nikalale, na nilipotaka kurudi ikabidi nimwombe mdogo wangu aache mchoro aliokuwa amefika nusu. Kadi hiyo sinayo tena.

Mausi pia: msinunue mbili za aina moja. Mimi nilinunua pacha pale Mwanga, namba zao za utambulisho zikawa zile zile, mwenyeji akashindwa kujua ipi ya nani. Jioni nzima imekwenda hapo.

Yeye anatumia Windows yenye leseni yake, mimi Linux. Ukisakinisha Windows haitaiona diski ya mashine pepe ya aina ya VirtIO mpaka uipe draiva zake, nazo nimeziweka kwenye flashi. Kama nyinyi mnacheza gemu za Linux tu, mashine pepe si lazima hata kidogo: Linux inaweza kugawa viti viwili, kila kiti na skrini, kibodi na mausi yake. Na kama mdogo wako hawezi kuishi bila gemu la Valorant, mwambie mapema kwamba ulinzi wake dhidi ya wadanganyifu haukubali mashine pepe, asije akalia baadaye.

Raha yenyewe ni hii: wageni wale wawili wanaonana kupitia mwenyeji, bila intaneti wala bando. Tunacheza 0 A.D., gemu la bure la kujenga dola na kupigana, halina kugawana skrini, maana ukiona jeshi la mwenzako linakotokea basi hakuna mchezo tena. Ijumaa umeme ulitulia usiku kucha. Mdogo wangu akanivuta macho yote mlangoni kwa askari wachache, kumbe jeshi lenyewe amelipitisha nyuma ya msitu. Nilipolisikia lilikuwa limeshafika katikati ya mji. Alipiga kelele mpaka mama akagonga ukuta. Halafu akanigeukia akaniuliza, "Kaka, tena?" Na hakuna aliyemwachia mwenzake kiti.

Umeme ukikatika mnazimika wote wawili, hilo lijue. UPS, betri ya akiba ya kompyuta, ni lazima.

Fanya hivi: soma makundi, uyanakili kwenye karatasi yote kama yalivyo, nitumie kwa huyu huyu anayekuletea mzigo, anarudi Alhamisi. Nitakuambia kadi ya pili ikae wapi. Na kama mtungi wa asali ya huko utapata nafasi kwenye begi lake, mama yangu ameniagiza nikukumbushe.

Ni mimi swahiba wako,
wa Ujiji