Ile "±" kwenye karatasi yetu ya vipimo

Mteja mmoja mwenye mashine ya kusaga alivuka na meli kutoka Nansio, krenkshafti (ule mhimili wa injini unaozungushwa na pistoni) imefungwa kwenye kiroba, bodaboda ikamshusha karakanani kwetu Nyakato, Mwanza, saa nane mchana. Mkononi alikuwa na karatasi ya fundi mwingine yenye unene wa shingo ya shafti, pale inapozunguka ndani ya beringi: milimita 59.972. Tukapima mbele yake, tukapata 59.989. Akatuangalia mmoja mmoja. "Sasa mafundi, mwongo nani kati yenu?"

Mwongo hakuwepo. Kosa lilikuwa letu, kumpimia papo hapo eti asikose meli ya kurudi. Ile shafti ilikuwa imepigwa jua toka asubuhi, hata kuishika ilikuwa shida. Chuma cha urefu wa mita moja hutanuka kama maikroni 11 au 12 kwa kila nyuzi moja ya joto, na maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita. Kwa shingo ya milimita 60, shafti ikiizidi joto maikromita yetu (kifaa cha kupimia unene) kwa nyuzi 20, tayari umepotea maikroni 14 hivi. Unywele wako ni kama maikroni 70, kwa hiyo jicho haliambulii kitu. Beringi inaambulia.

Ukubwa unaoandikwa kwenye vitabu vya injini ni wa nyuzi 20 za Selsiasi. Ndiyo kawaida ya dunia nzima. Mwanza mchana nyuzi 20 utazitoa wapi? Bahati nzuri maikromita nayo ni chuma. Vikilala pamoja usiku mzima juu ya meza moja, vinatanuka pamoja, na sehemu kubwa ya kosa inajifuta yenyewe. Ndiyo maana tunakwambia shafti lazima ilale. Wengine wanadhani tunatafuta pesa ya kuhifadhi mzigo. Kulaza ni bure.

Asubuhi ikasoma 59.976, nasi tukaandika 59.976 ± 0.006. Hiyo 0.006 hatukuiokota. Ndani yake kuna joto lililobaki, kuna maikromita yenyewe, kuna mkono wa anayepima (tunapima mara tano, watu wawili, na bado hatulingani), na kuna shingo iliyolika upande mmoja ikawa na umbo la yai. Maana yake, ukubwa halisi tunautarajia kati ya 59.970 na 59.982, kwa uhakika wa kama mara 95 katika 100. Ile 59.972 ya fundi mwenzetu imo humo humo. Hakukosea.

Kitabu cha injini yake kilitaka isipungue 59.980. Kipimo cha mchana, ile shafti ya moto, kingempa ruhusa ya kuirudisha kwenye injini. Cha asubuhi kinaelekea kuikataa, ila ncha ya juu bado inagusa mpaka. "Kwa hiyo imekufa au haijafa?" Tukamjibu kwamba hapo hatuandiki "imepita" wala "imekataliwa", tunaandika "mpakani", na uamuzi ni wake. Akachagua kuichonga shingo ishuke milimita 0.25 na kununua beringi za saizi hiyo.

Wengine wanauliza kama tuna stika ya Wakala wa Vipimo kama mizani ya dagaa pale Mwaloni. Ile ni ya mizani ya biashara. Maikromita yetu tunailinganisha na vipande vya chuma vyenye cheti cha ugezi (yaani ukubwa wake umehakikiwa), na cheti chenyewe kina "±" yake pia. Kiko ukutani, omba ukisome.

Basi ukija, njoo siku moja kabla. Ifute shafti grisi, ifunge kwenye kitambaa, usiiache juani. Na ukiwa na karatasi ya fundi mwingine isiyo na "±", ilete hivyo hivyo, tutaisoma pamoja.