Ardhi ya Okotoks haikushindwa

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwaandikia, lakini ile habari ya mtaa wa Drake Landing, mjini Okotoks, imenikera. Mwandishi wenu amewaaminisha wasomaji kwamba kuhifadhi joto la jua ardhini kumeshindikana Kanada. Mimi naishi Calgary, jirani kabisa na Okotoks. Si kweli.

Mtaa ule wenye nyumba 52 ulianza kutumia mfumo huo mwaka 2007. Paneli karibu 800 juu ya mapaa ya gereji zilikusanya joto la kiangazi, likashushwa kwa mabomba ndani ya mashimo 144, na ardhi ikalitunza hadi majira ya baridi. Ardhi huchukua miaka kadhaa kupata moto wa kutosha, jambo ambalo mwandishi hakuligusa. Kufikia msimu wa tano jua lilitoa zaidi ya asilimia 90 ya joto la nyumba zile, na msimu wa 2015–2016 likatoa lote. Huku, ambako Januari hushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri!

Ndiyo, mfumo umezimwa. Vifaa vilichakaa na vipuri vyake vikawa adimu. Pampu ya kisima ikiharibika, nani husema maji ya ardhini yamekwisha? Badala ya kuukarabati, nyumba zimerudishwa kwenye gesi, na gesi hiyo naijua. Januari iliyopita boila ya gesi inayopasha joto jengo tunamopanga ilizimika usiku, mama mkwe akiwa amekuja kutusalimu kutoka Tanga. Alilala na koti na kofia, mjukuu kifuani, huku mwenye nyumba akitujibu kwa simu kwamba fundi anasubiri kifaa. Tuliletewa hita moja ya umeme kwa vyumba vyote. Bili ilipokuja, ada za kusafirisha gesi na za usimamizi zilizidi bei ya gesi yenyewe! Nikapiga simu kuuliza, nikazungushwa kutoka dawati hadi dawati, na hadi leo hakuna aliyenieleza ada hizo ni za nini. Mtu akikaa kimya anaendelea kutozwa, akilalamika anatozwa vilevile.

Mji wa Vojens, Denmark, nao huhifadhi joto la jua: wana bwawa la maji ya moto lililochimbwa ardhini na kufunikwa, meta za ujazo 200,000, na kampuni ya joto ni mali ya watumiaji wenyewe. Huku nasi kila mtaa wa namna hii uanze na ghala lake la vipuri: pampu mbili za akiba, vali, mabomba, na paneli moja ya ziada kwa kila kumi, vyote vilipiwe siku nyumba zinapouzwa. Wafundishwe pia mafundi wawili wanaoishi mtaani humohumo.

Nanyi naomba mkirekebishe kile kichwa cha habari.

Msomaji wenu,
Calgary, Kanada